Mbona Juu Kuna Baridi, Ilhali Jua Liko Juu?

Mwezi wa Julai mwaka juzi, kamati ya msikiti wetu iliwachukua wanafunzi 38 wa madrasa kutoka Tanga mjini kwenda Lushoto kwa ziara ya siku tatu. Barua ya kuwaarifu wazazi tuliiandika sisi wenyewe, kwa kuwa uandishi wa kamati uko mikononi mwetu. Tulitaja nauli, saa ya kuondoka, mkeka, sahani, kikombe, mswaki na nguo jozi mbili za kubadilisha. Sweta hatukuitaja. Soksi hatukuzitaja. Tulikuwa watu wa pwani tunaowaandikia watu wa pwani, na kwetu sisi baridi ya kipupwe ni ya kujifunika shuka alfajiri na kuivua jua linapochomoza.

Basi lilipoiacha Mombo na kuanza kuzipanda kona za mlima, mtoto wa kike wa miaka kumi aliyeketi nyuma yetu aliuliza, "Ustadhi, sasa si tunalikaribia jua? Mbona baridi ndiyo inazidi?" Tulimwambia atulie, atazame njia, mambo hayo atayasoma shuleni. Ukweli ni kwamba jibu hatukuwa nalo. Tumesoma nahau, fiqhi na mirathi, na tunaweza kumgawia kila mrithi fungu lake bila kukosea. Lakini swali la mtoto lilitushinda, na badala ya kukiri, tukamnyamazisha.

Makala haya ni malipo ya deni lile. Tunayaleta katika kurasa za familia kwa sababu kabla ya ziara kwisha tulitambua kwamba halikuwa swali la kupitishia wakati njiani.

Moto uko chini ya chungu

Tuanze na umbali, maana ndipo kosa letu sote linapoanzia. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi kutoka hapa duniani. Kilele cha Kilimanjaro hakifiki hata kilomita sita kutoka usawa wa bahari. Anayepanda hadi kileleni kwa nia ya kulikaribia jua ni sawa na mtu aliyeko Tanga anayetaka kuota moto uliowashwa Dar es Salaam, akasogea upana wa kidole kimoja. Kusogea kasogea, lakini hakuna alichopata.

Jambo la pili ni hewa yenyewe. Sehemu kubwa ya mwanga wa jua huipenya hewa kama unavyopenya kioo cha dirisha, bila kuipasha joto jingi. Mwanga huo ukifika ardhini na baharini hunaswa: udongo, mawe, mabati, miti na maji huupokea na kupata joto. Kisha ardhi hiyo yenye joto ndiyo inayoipasha hewa iliyo juu yake. Kwa hiyo, ingawa jua liko juu, jiko linalotupikia hewa yetu liko chini, miguuni petu. Kila anayepanda mlima analiacha jiko nyuma yake.

Msomaji anaweza kuuliza: je, hewa ya moto si hupanda juu? Mbona basi haiendi na joto lake hadi kileleni? Hupanda, lakini njiani hupoa. Chini hapa hewa imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Inapopanda, mgandamizo hupungua, nayo hutanuka. Na hewa inayotanuka hutumia joto lake yenyewe kwa kazi hiyo ya kutanuka. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli analijua jambo hili kwa mkono wake: hewa inayobanwa huipasha pampu moto, na upepo unaofyonzwa kutoka kwenye tairi lililojaa hutoka wa baridi. Hewa kavu inayopanda hupoa karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Yenye mvuke unaogeuka kuwa mawingu hupoa polepole zaidi, kwa sababu mvuke unapokuwa maji hutoa joto. Wataalamu wa hali ya hewa huchukua wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000.

Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Tanga ikiwa na nyuzi 28, tutarajie Lushoto pungufu ya nyuzi 9, yaani 19. Tukipanda hadi msitu wa Magamba, kwenye mita 2,000 na zaidi, tutarajie nyuzi 15 au chini yake, na hapo ni mchana. Kwa kipimo hicho hicho, pwani ikiwa na nyuzi 30, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895 kitakuwa na nyuzi 8 chini ya sifuri. Ndiyo sababu theluji hukaa kileleni, nyuzi tatu tu za latitudo kusini mwa Ikweta. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuandika habari zake, wako wasomi wa Ulaya waliombishia, William Desborough Cooley wa London akiwa mbele yao. Waliona haingii akilini kwamba nchi ya joto kama hii ina theluji. Walikosea kama tulivyokosea sisi: walilitazama jua, wakakisahau kimo.

Siku ya Magamba

Hesabu hiyo hatukuwa nayo siku ya pili ya ziara, tulipowapeleka watoto kutembea msituni. Ukungu ulitushukia, yakafuata manyunyu, na kwa muda wa saa tatu watoto walitembea wakiwa wamelowa. Mmoja wao, mvulana wa miaka minane mwenye mwili mwembamba, alitetemeka njia nzima. Tulipofika shuleni tulikofikia aliacha kutetemeka, nasi tukamshukuru Mungu kwamba amepata nafuu. Akaketi pembeni. Maneno yake yakawa mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, akasema anataka kulala tu.

Mama aliyekuwa akitupikia, Msambaa wa pale pale mlimani, alimtupia jicho mara moja akaacha mwiko. "Huyu hajapona," alisema. "Huyu anazimika. Mvueni nguo mbichi kwanza. Blanketi juu ya nguo mbichi ni kazi bure." Tukamvua, tukamkausha, akafungwa vitenge vikavu na blanketi mbili za sufi, kichwa nacho kikafunikwa. Mmoja wetu akamkumbatia ndani ya blanketi ili ampe joto la mwili. Alipoanza kujibu vizuri na kuweza kushika kikombe ndipo akapewa chai ya moto kiasi yenye sukari. Usiku huo tulimpeleka zahanati, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu asubuhi alikuwa anacheza na wenzake.

Wazazi wazingatie jambo ambalo sisi hatukulijua: mtu hahitaji barafu ili azidiwe na baridi. Nyuzi 12 au 13 za juu ya sifuri zinatosha, akiwa amelowa na upepo unampiga, kwa sababu maji huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Mtoto mwembamba hupoa upesi kuliko mtu mzima. Kutetemeka ni mwili unapigana. Kuacha kutetemeka kabla ya kupata joto, kulegea, kusema maneno yasiyoshikana na kusinzia ni dalili za kushindwa. Akifikia hapo asisuguliwe mikono na miguu, wala asisogezwe karibu kabisa na moto. Avuliwe kilicholowa, afungwe kikavu, akumbatiwe, na apelekwe kwa mganga.

Usiku ule ule nusura tufanye kosa kubwa zaidi. Watoto wengine walilalamikia baridi, na mmoja wetu akatoa shauri kwamba jiko la mkaa liingizwe katika bweni na milango ifungwe. Mama yule alisimama mlangoni. "Jiko lisiingie ndani, wanangu. Watalala wasiamke." Alikuwa na haki. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Humwingia mtu usingizini na kumuua bila kumwamsha. Watu wa joto wanapotembelea nchi ya baridi ndio walio katika hatari hiyo, kwa kuwa hawakulelewa na onyo lake. Baridi huzuiwa kwa nguo na blanketi, si kwa mkaa chumbani.

Moshi uliolala bondeni

Asubuhi tuliona jambo lililoonekana kuipinga hesabu yetu yote. Baada ya sala ya Alfajiri anga lilikuwa jeupe bila wingu, na moshi wa majiko ya bondeni ulipanda kidogo, kisha ukasimama na kutandaa kama mkeka. Hatukuelewa wakati ule. Sasa tunajua kwamba usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kwenda angani, na hewa inayoigusa hupoa pamoja nayo. Hewa hiyo baridi ni nzito, hivyo huteremka na kujaa mabondeni, huku hewa iliyo juu kidogo ikibaki na joto zaidi. Utaratibu unapinduka: chini baridi, juu joto. Moshi ukipanda hukuta hewa iliyo nyepesi kuliko wenyewe, ukakosa pa kwenda. Jua likipanda na kuipasha ardhi, mkeka ule hukunjuka.

Kumbe moshi ule haukuipinga kanuni, uliithibitisha. Joto la hewa hutokana na kile kinachoigusa. Mchana ardhi huipa. Usiku ardhi huipokonya.

Juu zaidi ya mlima wowote

Je, kupoa huko kunaendelea hadi mwisho? Watu walilitafuta jibu kwa taabu. Tarehe 5 Septemba 1862, Waingereza wawili, James Glaisher na Henry Coxwell, walipaa kwa puto kutoka Wolverhampton. Walipofika kama mita 8,800, Glaisher alizimia. Coxwell, ambaye mikono yake ilikuwa imeganda haishiki kitu, aliivuta kamba ya kutolea gesi kwa meno, puto likateremka, wakaokoka. Baada ya hapo wataalamu wakaona heri wapandishe vipimajoto peke yake katika maputo yasiyo na watu.

Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alirusha maputo ya namna hiyo zaidi ya 200. Kila mara kipimajoto kilionyesha kwamba kuanzia kilomita 11 hivi hewa huacha kupoa. Mwanzoni alishuku kwamba jua linavipasha vyombo vyake, akarusha mengine usiku. Majibu yakawa yale yale. Mwaka 1902 akatangaza kwamba juu ya tabaka tunaloishi kuna tabaka jingine. La chini likaja kuitwa troposfia, na la juu yake stratosfia.

Waliokwenda Hija kwa ndege wameukaribia mpaka huo bila kujua. Ndege kubwa husafiri kwenye kilomita 10 hadi 12, na kioo kidogo kilicho mbele ya kiti huonyesha kwamba nje ni nyuzi 50 chini ya sifuri, au zaidi ya hapo, wakati abiria wamevaa ihramu nyepesi ndani. Na hapa kuna la ajabu. Kwetu huku karibu na Ikweta, ambako ardhi ina joto kubwa na hewa hupanda kwa nguvu, mpaka huo uko juu zaidi, kilomita 16 hadi 18, na hewa ya hapo hufikia nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwenye ncha za dunia mpaka uko chini zaidi, nao hauna baridi kali kiasi hicho. Basi baadhi ya hewa baridi mno iko juu ya vichwa vyetu sisi wa nchi za joto.

Kwa nini kupoa kukome? Kwa sababu ndani ya stratosfia kuna gesi ya ozoni, na ozoni huinasa ile miale ya jua inayochoma, ya urujuanimno. Mahali inaponaswa ndipo panapopata joto. Hivyo katika stratosfia kadiri mtu apandavyo joto huongezeka, hadi kwenye kilomita 50 linapokaribia sifuri tena. Ozoni hiyo hiyo ndiyo ngao ya ngozi na macho ya watoto wetu. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza, Joseph Farman na wenzake, walitangaza kwamba imepungua vibaya juu ya bara la Antaktika, kwa sababu ya gesi zilizotumiwa katika majokofu na makopo ya kupuliza. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini mkataba mjini Montreal wa kuzikomesha, na tangu hapo ngao imeanza kupona taratibu.

Juu ya kilomita 50 ozoni ni haba, na joto hushuka tena. Hili ni tabaka la mesosfia. Kwenye kilomita 85 hadi 90 kuna nyuzi 90 chini ya sifuri, na mara nyingine chini zaidi. Hakuna hewa iliyo baridi kuliko hiyo katika angahewa yote. Vimondo tunavyoviona vikipita usiku huwaka katika tabaka hili, si kwa joto la hewa, bali kwa kasi vinayojia, inayoibana hewa iliyo mbele yake. Kisha, kwa mara ya mwisho, mambo hugeuka. Katika themosfia chembe chache zilizobaki za hewa hupokea miale mikali ya jua kabla haijapunguzwa na chochote, na joto lake hupanda kupita nyuzi 1,000.

Swali la pili

Tulipomaliza kuyasoma haya tulimwita yule binti, mbele ya darasa lake, tukamwambia kwamba siku ile ya basi hatukuwa na jibu na kwamba tulikosea kumnyamazisha. Tangu ziara ile hakuwa ametuuliza jambo tena. Tukachora matabaka ubaoni. Alitazama, akakaa kimya kwa muda, kisha akainua mkono: "Sasa Ustadhi, mtu akifika kule kwenye nyuzi 1,000, ataungua au ataganda?"

Safari hii tulijibu. Cheche inayoruka kutoka kwa fundi wa kuchomelea vyuma ina zaidi ya nyuzi 1,000, na ikikuangukia mkononi unaipangusa. Maji ya birika yana nyuzi 100 tu, na yakikumwagikia unapelekwa hospitali. Cheche ni kali lakini ni ndogo. Haina joto la kutosha kukuunguza sana. Themosfia ni hivyo hivyo: kila chembe ni kali, lakini chembe ni chache mno, hivyo hewa ile haimuunguzi mtu. Wanaanga wanaotoka nje ya chombo kwenye kilomita 400 huvaa mavazi yanayowakinga na jua kali upande mmoja na baridi ya kivuli upande wa pili.

Mvulana mmoja akauliza hewa inaishia wapi. Tulifurahi, kwa kuwa hilo lina historia katika elimu yetu wenyewe. Katika karne ya 11 huko Andalusia, kadhi na mwanahisabati Ibn Muadh al-Jayyani aliitazama nuru ya alfajiri na ya jioni, ile ile tunayoitumia kujua nyakati za sala. Alifahamu kwamba jua likiwa chini ya upeo wa macho nuru yake hutufikia kwa kuwa kuna kitu juu kinachoipokea. Kwa kupima jua liko chini kiasi gani nuru ya kwanza inapoonekana, alikokotoa kimo cha hewa hiyo, akapata maili 50 na ushei. Kwa karne nyingi risala yake ilihesabiwa kimakosa kuwa ya Ibn al-Haytham. Leo tunajua kwamba hewa haina ukingo mkali. Hupungua polepole hadi kutoweka. Lakini yule kadhi alikipata kipimo chake bila puto, kwa swali na hesabu tu.

Ziara ya mwaka huu itakuwa tena mwezi wa Julai, inshaallah, na barua ya wazazi tayari tumeiandika. Mstari wa kwanza baada ya nauli unasema: sweta moja nzito, kofia au mtandio wa kufunika masikio, soksi jozi tatu, koti la mvua, na nguo kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mstari wa mwisho unasema kwamba hakuna jiko la mkaa litakaloingia bwenini. Tumenunua pia kipimajoto. Kitashikwa na yule binti, asome Tanga, Mombo, Soni, Lushoto na Magamba, na wenzake waandike. Na akiuliza njiani, atajibiwa. Na tusipojua, tutamwambia kwamba hatujui.